Mazungumzo: Chombo cha Malazi cha Wapiga Mbizi Hupimwa kwa Usiku Wake



Mada ya mazungumzo haya ni namna ya kuchagua chombo cha malazi kwa safari ya kupiga mbizi. Chombo cha malazi ni kile ambacho mgeni hula na kulala humo kwa siku kadhaa, na humo humo huanzia mbizi zake. Hakifanani na boti ya kutwa, ambayo huondoka asubuhi na kurejea pwani jioni.

Huenda mtu akauliza mada hii yamhusu nini mkaazi wa visiwani ambaye hajapata kuvaa mtungi wa hewa mgongoni. Jawabu ni kwamba yamhusu kwa njia tatu. Kwanza, vijana wa mwambao huajiriwa katika vyombo vya utalii wakiwa mabaharia, wapishi na waongozaji wa mbizi, na katika chombo cha malazi hulala pamoja na wageni. Pili, mgeni hupenda kumuuliza mwenyeji wake ni chombo gani kinachoaminika, na neno la mwenyeji hupokewa kama dhamana. Tatu, wako watumishi ambao kazi yao ni kukagua vyombo na kutia saini vyeti, na saini hiyo ndiyo inayompa msafiri utulivu wa kufumba macho usiku.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini watu hukubali kulala baharini badala ya kulala hotelini. Miamba mingi inayosifika iko mbali na pwani, na boti ya kutwa ama haiifikii au huifikia kwa kuchelewa. Ndiyo maana vyombo vya malazi vimeenea katika Bahari Nyekundu upande wa Misri, katika visiwa vya Maldives, katika Komodo na Raja Ampat nchini Indonesia, na katika visiwa vya Galápagos vilivyo mbali na mwambao wa Ecuador. Huku kwetu vyombo vya namna hiyo vimewahi kuonekana katika maji ya Pemba, kwa sababu ya kina kirefu cha mkondo baina ya kisiwa hicho na bara, na kwa sababu ya matumbawe yanayoteremka kama ukuta pembezoni mwake.

Mgeni anayetafuta chombo huonyeshwa kwanza mambo ya mchana. Huonyeshwa picha za sitaha iliyotandikwa magodoro ya kuotea jua, meza ya chakula, vyumba vyenye viyoyozi, na hesabu ya mbizi atakazopiga. Mambo hayo si mabaya, na mtu anayelipa fedha yake ana haki ya kuyauliza. Lakini hesabu ndogo inatosha kuonyesha kasoro ya kuchagua kwa mambo hayo peke yake. Mpiga mbizi wa kawaida katika safari ya aina hii huingia majini mara 3 au 4 kwa siku, kila mara takriban dakika 45 hadi saa nzima. Jumla yake haizidi saa 4, ilhali usingizi wake huchukua saa 7 au 8. Kwa hivyo mtu huyo hulala kwa muda mrefu zaidi kuliko anaokuwa chini ya maji.

Anapokuwa chini ya maji analindwa na mafunzo yake, na vifaa vyake, na mwenzake aliye ubavuni. Akilala, mafunzo yake hayamfai kitu. Hapo hulindwa na mtu mmoja tu, naye ni yule aliye macho. Kama hakuna aliye macho, hana mlinzi. Hilo ndilo neno kubwa la mazungumzo haya: chombo cha malazi hupimwa kwa usiku wake kabla ya kupimwa kwa mchana wake.

Uzito wa neno hilo ulidhihirika Marekani mwaka 2019. Chombo kiitwacho Conception, chenye urefu wa takriban mita 23, kilichojengwa mwaka 1981 kwa mbao zilizofunikwa faibaglasi, kiliondoka Santa Barbara katika jimbo la California kwa safari ya siku 3. Ndani yake walikuwamo wasafiri 33 na mabaharia 6. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba, 2019 chombo kilikuwa kimetia nanga katika ghuba tulivu ya kisiwa cha Santa Cruz. Hapakuwa na dhoruba wala mwamba uliogongwa. Kiasi cha saa 9 za usiku moto ulizuka katika ukumbi wa sitaha kuu, na watu wote walikuwa wamelala.

Nahodha na mabaharia 4 walikuwa wamelala juu. Waliporauka, moto ulikuwa umekwisha kushika. Hawakuweza kuwafikia wasafiri, wakajitosa majini, nao wakasalimika. Wasafiri 33 pamoja na baharia mmoja walikuwa wamelala chini, katika chumba kimoja chenye vitanda vya ghorofa. Wote 34 walifariki kwa moshi. Baadhi yao walikutwa wamevaa viatu. Ishara hiyo ilionyesha kwamba waliamka, wakajitayarisha kutoka, na hawakupata pa kutokea.

Chumba chao kilikuwa na njia mbili za kutokea. Moja ilikuwa ngazi, na ya pili ilikuwa tundu dogo la dharura juu ya vitanda. Kwa anayehesabu milango, sharti lilikuwa limetimia. Lakini njia zote mbili zilitokea mahali pamoja, nao ni ukumbi ule ule uliokuwa ukiwaka. Kadhalika, ving'ora vya moshi vilikuwamo katika chumba cha kulala lakini havikuwamo katika ukumbi. Kanuni zilizokihusu chombo hicho hazikuvitaka humo. Moshi ulipofika kwenye king'ora, moto ulikwisha kuziba njia.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2020. Kwa kuwa chombo kiliungua na kuzama, chanzo halisi cha moto hakikuweza kuthibitishwa. Miongoni mwa mambo yaliyofikiriwa ni nyaya za umeme na betri zilizoachwa zikitiwa chaji ukumbini. Hata hivyo bodi haikusita kutaja sababu ya maafa. Ilisema kwamba mwenye chombo hakusimamia ipasavyo uendeshaji wake, na kwamba hapakuwa na baharia wa zamu aliyekuwa akizunguka usiku. Laiti angekuwapo, moto ungeonekana ukiwa bado mchanga. Mwaka 2023 mahakama ilimtia hatiani nahodha, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 4.

Lipo jambo moja katika kisa hicho ambalo kila mtumishi wa umma anastahiki kulizingatia. Zamu ya usiku haikuwa jambo jipya wala la hiari. Cheti cha ukaguzi cha chombo chenyewe kilitamka kwamba wakati wote vitanda vya wasafiri vinapokuwa na watu, baharia mmoja awe macho na azunguke chombo. Chombo kilikuwa kimekaguliwa mapema mwaka ule ule wa 2019, na kikapita. Lakini ukaguzi hufanywa mchana, chombo kikiwa kimefungwa gatini, na mkaguzi hawezi kuona mchana kama kuna mtu huzunguka usiku. Uchunguzi ulibaini kwamba katika kumbukumbu za Walinzi wa Pwani wa nchi hiyo, tangu mwaka 1991 hakuna mwenye chombo hata mmoja aliyepata kutozwa faini kwa kukosa kuweka zamu hiyo. Sharti lilikuwapo, lilikuwa limeandikwa vizuri na kutiwa muhuri, ila hapakuwa na mtu wa kuuliza kama linatekelezwa. Karatasi haiwezi kukesha.

Baada ya maafa hayo Bunge la Marekani lilitunga sheria, na kanuni mpya zikaanza kutumika mwaka 2022. Kanuni hizo zinataka ving'ora vya moshi vilivyounganishwa, ili kimoja kikilia vyote vilie. Njia za kutokea zisizozibwa. Mafunzo ya kuzima moto kwa mabaharia. Utaratibu wa betri zinazotiwa chaji. Na kifaa cha kuthibitisha kwamba mlinzi wa usiku anazunguka kweli.

Maafa ya namna hiyo hayakuishia California. Katika Bahari Nyekundu, upande wa Misri, vyombo vya malazi vitatu vilipatwa na mikasa katika muda wa miezi 20 tu. Mwezi wa Aprili 2023 chombo kimoja kilipinduka na kuzama. Waliokuwamo wote waliokolewa, baadhi yao kwa shida kubwa. Mwezi wa Juni 2023 kingine kiliungua asubuhi mapema karibu na mwamba wa Elphinstone, na wasafiri 3 raia wa Uingereza wakapoteza maisha. Mwezi wa Novemba 2024 cha tatu kilipinduka kabla ya mapambazuko karibu na Marsa Alam. Wako waliokufa na wako ambao hawakuonekana tena. Wengine walikutwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, zaidi ya siku moja baadaye, wakivuta hewa iliyobakia katika vyumba. Mapema mwaka 2025 idara ya Uingereza inayochunguza ajali za baharini ilitoa tahadhari kwa wananchi wake wanaokwenda huko, ikiwataka wawe waangalifu mno katika kuchagua chombo.

Wakaazi wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa maana ya habari kama hizo. Kuzama kwa Spice Islander tarehe 10 Septemba, 2011, na kwa Skagit tarehe 18 Julai, 2012, kuliacha misiba katika nyumba nyingi, mjini na mashamba. Vyombo hivyo vilikuwa vya abiria, wala havikuwa vya wapiga mbizi, na sababu zake zilikuwa nyingine. Lakini funzo ni lile lile: chombo hukaguliwa na kuulizwa kabla ya kung'oa nanga. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari.

Yafuatayo ndiyo maswali ambayo mwenye kuchagua chombo anapaswa kuyauliza kabla ya kulipa. Hayahitaji utaalamu. Mtu yeyote anaweza kuyauliza, na nahodha anayejiheshimu huyajibu bila ya kukasirika.

Swali la kwanza: nani hukesha? Jawabu lisiwe kwamba mabaharia hulala karibu, au kwamba nahodha ana usingizi mwepesi. Jawabu liwe jina la mtu na saa za zamu yake. Mgeni akiwa tayari chomboni anaweza kuhakikisha mwenyewe kwa kuamka mara moja usiku wa manane na kutazama. Akimkuta mtu macho, akifanya mzunguko wake, arudi kitandani kwa amani. Asipomkuta, asubuhi ana la kumwambia nahodha mbele ya wenzake. Mabaharia wa majahazi walilijua jambo hili kabla ya kuandikwa kanuni yoyote: chombo kikiwa safarini, kulala ni kwa zamu.

Swali la pili: chumba cha kulala kina njia ngapi, na kila moja hutokea wapi? Hapa ndipo penye hila, kwani milango miwili inayotokea ukumbi mmoja ni sawa na mlango mmoja. Njia ya pili lazima imtoe mtu mahali pengine, ikiwezekana moja kwa moja kwenye hewa wazi. Isiwe imefungwa kwa kufuli, wala isiwekewe masanduku na mikoba juu yake. Mgeni aijaribu kwa mwili wake mwenyewe siku ya kwanza, kisha aijaribu tena taa zikiwa zimezimwa. Asiyeweza kupenya mchana hatapenya usiku penye moshi. Waswahili husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi na anayelala chini, karibu na ngama, hapana budi ajue namna ya kupanda kutoka huko.

Swali la tatu: ving'ora vya moshi viko wapi? Viwemo katika vyumba vya kulala, na viwemo pia mahali moto unapoweza kuanzia, yaani jikoni, ukumbini na katika chumba cha mashine. Kikilia cha jikoni, aliyelala chini naye asikie.

Swali la nne: betri hutiwa chaji wapi na saa ngapi? Mpiga mbizi wa leo hubeba taa, kamera na simu, na takriban vyote hutumia betri za lithiamu. Betri ya namna hiyo ikiharibika huweza kuwaka kwa ghafla, na moto wake ni mgumu kuzimika. Chombo chenye utaratibu mzuri huweka mahali maalumu pa kutilia chaji, mbali na njia za kutokea, na hukataza kuacha betri kwenye umeme watu wakiwa wamelala. Mgeni asiuone utaratibu huo kuwa ni udhia. Katika Maldives, vyombo vingi vya malazi hufuatwa na chombo kidogo kiitwacho dhoni, ambacho ndicho hubeba mitungi, vifaa na kompresa ya kujazia hewa. Hivyo kelele na mafuta ya mashine hiyo hubakia mbali na waliolala.

Swali la tano: je, chombo kimeongezwa baada ya kujengwa? Wapo wenye vyombo ambao hupandisha sitaha ya tatu au ya nne, wakaweka juu yake vyumba, matangi na viti, ili wapate nafasi ya wageni zaidi. Kila baharia ajua kwamba uzito ukipanda juu, chombo huenda mrama kwa wimbi dogo na huchelewa kujirudi. Mgeni aulize kama baada ya marekebisho hayo uthabiti wa chombo ulipimwa upya na mtaalamu, na kama cheti kinachoonyeshwa ni cha baada ya marekebisho au cha kabla yake. Chombo kinacholala upande mmoja hali bahari ni shwari kimekwisha kujieleza.

Swali la sita: siku ya kwanza watu hufanyishwa zoezi? Kabla ya chombo kuondoka, kila aliyemo anapaswa kuonyeshwa jaketi lake la kuokolea maisha, maboya yalipo, mahali pa kukusanyikia, na sauti ya king'ora. Maelezo ya dakika 2 yanayosomwa watu wakiwa wanakunywa sharubati si zoezi. Zoezi ni kusimama, kutembea, kuvaa na kuhesabiwa.

Baada ya maswali ya usiku, hufuata ya mchana. La awali ni hesabu ya watu. Mwezi wa Januari 1998 boti moja ya kutwa huko Queensland, Australia, iliondoka mwambani na kuwaacha majini wapiga mbizi wawili, mke na mume kutoka Marekani. Kukosekana kwao kuligunduliwa baada ya siku 2, nao hawakuonekana tena. Tangu wakati huo kanuni za huko zilikazwa. Chombo kinachofaa huwa na daftari la majina. Kila mtu huandikwa anapoingia majini na huandikwa anaporudi, na nahodha haondoki mpaka hesabu zilingane. Kuhesabu vichwa kwa macho bila ya kuita majina hakutoshi.

La pili ni oksijeni. Chini ya maji, kila mita 10 huongeza shinikizo kwa kiasi kilicho sawa na shinikizo lote la hewa ya juu, hata mtu aliyeko mita 30 huwa chini ya shinikizo mara 4 ya lile la ufukweni. Katika hali hiyo naitrojeni ya hewa anayoivuta huingia mwilini kwa wingi. Akipanda haraka, naitrojeni hiyo hutoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo, kama soda inavyotoa povu chupa ikifunguliwa. Maradhi hayo huweza kupoozesha na hata kuua. Huduma ya kwanza ni oksijeni safi, na tiba yake ni chumba cha tiba ya shinikizo la hewa. Kwa hivyo aulizwe nahodha: oksijeni iliyomo chomboni inatosha saa ngapi, na safari ya kwenda kwenye tiba hiyo ni saa ngapi? Ikiwa jawabu la pili ni kubwa kuliko la kwanza, chombo hakijajitayarisha.

La tatu ni uwezo wa mgeni mwenyewe. Cheti cha awali cha kupiga mbizi kwa kawaida humruhusu mtu kufikia mita 18, na mbizi za starehe hazipaswi kuzidi mita 40. Maji yenye mkondo mkali si mahali pa kujifunzia. Vyombo vinavyokwenda visiwa vya Brothers nchini Misri kwa kawaida huwataka wageni wawe wamekwisha kupiga mbizi zisizopungua 50. Chombo kinachompokea kila mtu, aendako kokote, bila ya kutazama daftari la mbizi zake, kinathamini fedha kuliko roho.

La nne ni kurejea nyumbani. Aliyepiga mbizi kwa siku kadhaa mfululizo hushauriwa asipande ndege kabla ya kupita saa 18 zisizopungua, na wengi husubiri saa 24. Ratiba inayoweka mbizi asubuhi na ndege jioni haikupangwa na mtu anayeijua kazi hii.

La tano ni majira. Bahari ya visiwa vyetu ina kaskazi na kusi, na baina yake ina masika na upepo unaogeuka. Kusi likivuma kwa nguvu, upande wa mashariki huwa mchafuko. Nahodha mwaminifu husema wazi ni miezi gani haendi, na ni wapi hujificha bahari ikichafuka. Nahodha asemaye kwamba huenda mwaka mzima, popote, hana budi aulizwe mara ya pili.

Yabakia maneno machache kwa makundi matatu yaliyotajwa mwanzoni.

Kwa mwananchi mwenyeji: mgeni akikuuliza juu ya chombo usichokijua, mwambie kwamba hukijui. Jawabu hilo halipunguzi ukarimu. Kumsifia chombo kwa sababu mwenyewe ni jamaa, au kwa sababu kuna bakhshishi, ni kumuuzia mtu usingizi ambao huna dhamana nao. Ni bora umpe yale maswali sita aende akaulize mwenyewe.

Kwa kijana anayeajiriwa chomboni: maswali hayo ni yako kabla ya kuwa ya mgeni. Mgeni hulala humo wiki moja, nawe hulala humo msimu mzima. Kati ya wale 34 wa Conception mmoja alikuwa baharia. Ukipewa zamu ya usiku, usiione kuwa ni kazi ya mdogo asiye na cheo, kwa kuwa katika saa hizo wewe ndiye mwenye roho zote mikononi. Na ukiambiwa kwamba hakuna zamu kwa sababu mabaharia wamechoka, jua kwamba chombo kina mabaharia wachache kuliko kinavyohitaji, na hilo ni jambo la kuripotiwa.

Kwa mtumishi wa Serikali mwenye dhamana ya ukaguzi: kisa cha Marekani kimeonyesha kwamba sharti lisilofuatiliwa huwa kama halikuandikwa. Chombo cha malazi kinastahiki kukaguliwa pia usiku, bila ya taarifa, kikiwa kimetia nanga na wageni wakiwa wamelala. Mkaguzi anayefika saa 8 za usiku kwa boti ndogo, akapokewa na baharia aliye macho mwenye tochi mkononi na daftari la mizunguko yake, atakuwa amejua zaidi kuliko angejua kwa kusoma mafaili ya wiki nzima. Na akifika, akapanda sitahani, akatembea kutoka omo hadi tezi bila ya kuulizwa na mtu yeyote, basi amekwisha kupata jawabu lake, na cheti hicho kisitiwe saini.

Utalii wa bahari umewapatia riziki watu wengi wa mwambao huu, na kila mwenye akili hupenda uendelee. Lakini riziki hiyo inasimama juu ya imani ya mgeni kwamba akipanda chombo salama atashuka salama. Imani ya namna hiyo huchukua miaka kujengeka, na huweza kupotea kwa usiku mmoja ambao hapakuwa na mtu macho.